Wakati wa kukata unite, Lubutu haikuwa mbali

Lubutu, Novemba 2024

Wandugu vijana, RAM hamjaisahau. Tangu mwisho wa mwaka 2020, mtu wa Kongo hii alikuwa anaweka unite kwenye simu na kuona sehemu yake inaondoka bila kuaga. Dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G ao 4G, ikikatwa vipande vipande mpaka itimie. Hakuna aliyeuliza kama unakaa Gombe ao unakaa Lubutu. Mama anayeuza sombe sokoni, mtoto wake wa Kisangani akimtumia unite kidogo, alikatwa sawasawa na mbunge. Watu walipiga kelele barabarani, wabunge nao wakauliza maswali, na mwanzo wa 2022 serikali ikaifuta ile kodi. Lakini zile simu zilizokatwa hazikupokea hata SMS moja ya kusema feza ya mwenye simu ilinunua nini.

Haturudii habari ya RAM kwa kulilia dola 7. Tunaikumbusha kwa sababu ilionyesha kwamba serikali yetu inajua teknolojia vizuri sana. Kila mara tukiomba hesabu, wakubwa wanatuambia: rezo haiko, kompyuta haziko, umeme hakuna, Kindu ni mbali. Ni kweli Kindu ni mbali. Hata ungeruka kama ndege ungehesabu zaidi ya kilomita 250, na kwa njia ya pikipiki, wenye kuipita wanajua. Lakini wakati wa kukata, Lubutu haikuwa mbali. Ilifikiwa usiku na mchana, nyumba kwa nyumba, mfuko kwa mfuko.

Tarehe 13 Machi 2023, Rais alisaini siku moja maandishi mawili yenye nguvu ya sheria. Moja, namba 23/009, ni la uhuru wa habari: lilichukua nafasi ya sheria ya 1996, ya wakati nchi hii bado inaitwa Zaire. La pili, namba 23/010, ndilo Kodi ya numeriki, lile wanasheria wetu wanaita Code du numérique. Tuliambiwa Kongo imeingia katika karne ya intaneti. Tukafurahi. Kisha tukasoma.

Kifungu cha 360 cha hiyo Kodi kinaahidi jela ya mwezi 1 mpaka miezi 6, pamoja na faini, kwa anayeanzisha ao kupitisha habari ya uongo juu ya mtu kwenye mitandao. Sawa, uongo ni ubaya, na kwenye magrupu yetu ya WhatsApp uko mwingi kuliko mvua ya Maniema. Lakini weka hicho kifungu pembeni ya swali dogo. Kijana wa hapa akiandika kwamba sekta yake ilipata feza fulani na haionekani, atajuaje kama namba yake ni ya kweli? Namba ya kweli iko ndani ya daftari, daftari liko ndani ya kabati, ufunguo uko mfukoni mwa mkubwa, na mkubwa alienda Kindu kwa mission. Kuko sheria ya kumfunga kijana akikosea namba. Sheria ya kumlazimisha mkubwa amwonyeshe ile ya kweli haiko.

Hapo ndipo tuko. Teknolojia imeingia katika sheria zetu kwa mlango wa kukata na mlango wa kuadhibu. Mlango wa kutoa hesabu bado umefungwa.

Mtasema Katiba ipo. Ndiyo, ipo. Kifungu cha 24 cha Katiba ya 18 Februari 2006 kinasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Lakini haki isiyo na siku wala mtu wa kuijibu ni kama tiketi ya ndege isiyo na tarehe. Unafika kwenye biro, unaomba karatasi, ni nani mwenye kazi ya kukupa? Ndani ya siku ngapi? Akikataa, unaenda kwa nani? Muswada wa sheria ya kujibu hayo maswali umezunguka Bungeni na Senat kwa miaka mingi. Wabunge wamekuja na wameenda, na ule muswada bado hauna namba ya sheria wala saini ya Rais. Ile ya 23/009 inasaidia, lakini inazungumza kwanza na waandishi wa habari. Mama wa soko haana karte ya mwandishi wa habari. Mwalimu haana. Sisi mashomeri wenye diplome hatuna.

Majirani walitutangulia. Uganda ina sheria yake tangu 2005, Rwanda tangu 2013, Kenya na Tanzania tangu 2016. Kenya, afisa akipokea ombi anapaswa kujibu ndani ya siku 21. Hatusemi huko ni peponi. Wakubwa wa kuficha wako kila nchi, na wale wa huko pia wanajua kusema "rudi wiki ijayo". Tofauti ni kwamba huko raia akirudi wiki ijayo anarudi na kifungu mkononi.

Mimi ninayeandika hapa nilijaribu. Nilienda kwenye biro moja ya serikali, sitaitaja, kuomba tu kuona bajeti ya mwaka. Sikuomba kopi, niliomba kuona. Wa kwanza alisema mukubwa haiko. Wa pili alisema niandike barua. Niliandika barua, kwa Kifaransa kizuri, kile walichotufundisha miaka yote ile ya chuo kikuu. Wa tatu aliisoma mpaka mwisho, akanitazama, akauliza: "Nani alikutuma?" Lile swali nimelifikiria sana. Hakuuliza ninataka nini, maana kilikuwa kimeandikwa. Kwake yeye, kijana hawezi kutaka kujua bila kuwa na mwanasiasa nyuma yake. Ndiyo maana tunataka sheria iandike kwamba mwenye kuomba habari hataulizwa sababu. Sentensi moja tu. Ingeweza kubadilisha mambo mengi katika mabiro ya nchi hii.

Sasa kwa nini Lubutu, na kwa nini tusiwaachie watu wa Kinshasa hiyo vita?

Kwa sababu kwetu hesabu ziko karibu, na hakuna mwenye kuzisimamia. Teritware yetu ina sekta mbili, Bitule na Obokote. Wengi wetu tunadhani sekta ni biro ya kulipia tu taksi za soko. Hapana. Kwa sheria ya 7 Oktoba 2008, namba 08/016, sekta ni ile wanaita ETD: ina bajeti yake, ina mali yake, inaweza hata kushtaki na kushtakiwa. Ile sheria inazipa ETD haki ya 40% ya sehemu ya mapato ya taifa inayopewa jimbo. Na Kodi ya migodi, ilivyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inagawa redevance ya kampuni za migodi hivi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa ETD ambamo mgodi uko, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Muulize shangazi yako kama amewahi kusikia hiyo 15%. Muulize hata mwalimu wako wa zamani.

Ile sheria ya 2008 ilipanga vizuri: sekta iwe na baraza lililochaguliwa na raia, na hilo baraza lipitishe bajeti na kumuuliza shefu wa sekta maswali. Lile baraza hatujalipata mpaka leo. Desemba 2023, wakati wa uchaguzi mkuu, nchi ilichagua madiwani wa komune kwa mara ya kwanza chini ya Katiba hii, lakini katika komune za miji mikuu ya majimbo. Kindu walipiga kura hiyo. Bitule na Obokote, hapana. Basi shefu wa sekta anapokea, anatumia, na anajiuliza mwenyewe maswali. Kama hakuna madiwani wa kusoma bajeti kwa niaba yetu, basi ibandikwe mahali tunaweza kuisoma sisi wenyewe. Hatudai kitu cha ajabu.

Na si sekta tu. Mpango wa maendeleo wa teritware 145 umeahidi mashule, vituo vya afya na majengo ya utawala nchi nzima, kwa zaidi ya dola bilioni 1.6. Lubutu ni moja ya hizo 145. Kila jengo la huo mpango lina mkataba wake, bei yake, na tarehe ya kumaliza. Hizo karatasi tatu zikibandikwa kwenye ukuta wa kijiji kunakojengwa, fundi na mwalimu na papa wa kanisa watafanya kazi ya wakaguzi kumi, tena bila per diem.

Kuna jambo linatuchekesha na kutukasirisha pamoja. Hapa Maniema, kule Punia, Kailo na Pangi, mfuko wa kasiterite hautoki bila etiketi yenye namba. Namba inaandikwa kwenye daftari kwenye mgodi, inaandikwa tena kwa mnunuzi, inaingia kwenye kompyuta, na mtu aliye ng'ambo anaweza kujua ile bati imetoka mlima gani. Wanunuzi wa ng'ambo walilazimisha, na ikawezekana, katika vijiji hivi hivi visivyo na umeme, kwa karatasi na bic. Kwa hiyo jiwe la Maniema linafuatiliwa mpaka kwenye kiwanda cha mbali, lakini franga ya kodi iliyolipwa sokoni haifuatiliwi hata mpaka upande mwingine wa barabara.

Mtu atauliza: kubandika namba kunabadilisha nini? Tuende Uganda. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia feza ambayo serikali ya Kampala ilikuwa inatumia shule za msingi. Kati ya 1991 na 1995, kwa wastani, shule ilipokea 13% tu ya feza iliyotolewa kwa ajili yake. Iliyobaki ilipotelea njiani, katika wilaya. Serikali ilianza kutangaza kwenye magazeti kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikaambiwa zibandike mlangoni kiasi zilichopokea. Kufika 2001, sehemu iliyofika shuleni ilikuwa imepita 80%. Wataalamu wamebishana: kulikuwa na marekebisho mengine pia wakati ule, si karatasi ya mlangoni peke yake. Tunakubali. Lakini mzazi aliyesoma namba mlangoni aliweza kumuuliza mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu aliweza kuuliza wilaya. Kabla ya hapo wote watatu walikuwa wanashukiana tu.

Tuone hapo kwamba kazi ilifanywa na gazeti na gundi, bila intaneti. Tunasema hivyo makusudi, maana kuna wenzetu, hasa wale walioko Goma na Kinshasa, wakisikia uwazi wanawaza aplikesheni. Tunapenda aplikesheni. Lakini tusisahau kwamba tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kupiga kura, serikali ilikata intaneti nchi nzima, na tulikaa karibu wiki tatu tunapigiana simu kama wazee. Kenya, ambako huduma za serikali kwa maelfu zimewekwa kwenye jukwaa la eCitizen, Julai 2023 wavamizi wa mtandao walilipiga na watu wakakosa hata kulipia tiketi ya treni. Kitu ambacho mkubwa anaweza kukizima kwa kidole hakiwezi kuwa peke yake mlinzi wa feza zetu. Kwa Lubutu tunataka vitatu kwa pamoja: karatasi ukutani, sauti kwenye redio ya hapa, na foto safi ya ile karatasi kwa simu. Megabaiti za foto moja kila mtu anazimudu. Za PDF ya kurasa 200 iliyoskanwa kwa upande, hapana. Na iwe kwa Kiswahili pia. Ripoti za ITIE juu ya migodi ya Kongo ziko kwenye intaneti miaka mingi, na ni nzuri, lakini mchimbaji wa Maniema anasoma Kiswahili.

Marekani sheria yao ya kupata habari ni ya 1966. Mwaka 1996 waliirekebisha: maandishi yaliyo ndani ya kompyuta nayo yakahesabiwa kuwa ya umma, na yale yanayoombwa mara kwa mara yakatakiwa kuwekwa mtandaoni bila kungoja kuombwa tena. Sisi tuna bahati ya kuchelewa: tunaweza kuandika yote mawili mara moja.

Upande wa huduma ni uleule, ila hapa maumivu ni ya kila siku. Kijana akitafuta kazi anaombwa makaratasi: akte ya kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, cheti cha uraia, kila moja na bei yake. Bei ipi? Inategemea uso wako na siku ya mwezi. Wawili wameingia biro moja asubuhi moja, wametoka na bei mbili. Lakini orodha ya kodi na malipo ya majimbo na ETD ipo: ni ordonansi namba 18/004 ya 13 Machi 2018. Kama malipo hayamo ndani ya orodha za sheria, ni matabishi, hata yakipigwa kachet. Sheria ya familia, ilivyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto aliyezaliwa, na ndani ya hizo siku ni bure. Ni mama wangapi wa Obokote wanajua neno hilo "bure"? Wakilijua, nani ataendelea kuishi kwa kutojua kwao?

Na vitambulisho tuviache hivyo, maana kalamu itakasirika. Wengi wetu tunatembea na karte ya uchaguzi ya 2023 ambayo wino wake umefutika: picha imekuwa kivuli, jina limekuwa ukungu. Kadi ya taifa ilionyeshwa kwa sherehe tarehe 30 Juni 2023, Rais akapokea ya kwanza. Mwaka uliofuata mkataba wa kuzitengeneza ukavunjwa. Kama masharti ya ule mkataba yangewekwa mbele ya raia tangu siku ya kwanza, maswali yangeulizwa kabla ya sherehe. Jambo hilo si geni kwetu: tangu 20 Mei 2011 dekre namba 011/26 inadai mikataba ya mali asili itangazwe ndani ya siku 60. Kwa nini mkataba wa dhahabu utangazwe, na mkataba wa kitambulisho cha watu wote ubaki siri?

Kuna jibu wakubwa wanalipenda: nchi iko vitani. Tunajua nchi iko vitani. Walikale ni majirani zetu, tunajua nani anakimbia na kwa nini. Hakuna anayeomba ramani ya jeshi. Bei ya choo cha shule si siri ya kijeshi. Idadi ya mabati yaliyonunuliwa kwa kituo cha afya haitamsaidia adui kitu, labda akitaka kujenga na yeye.

Kwa hiyo, kwa wabunge wa taifa waliochaguliwa kwa kura zetu: toeni ule muswada kwenye kabati, upigiwe kura, na uwe na siku za kujibu, mtu wa kujibu, adhabu kwa anayeficha, na kinga kwa anayeuliza. Kifungu cha 360 nacho kifunguliwe tena: asifungwe mtu kwa namba aliyoikosea wakati aliomba ile ya kweli kwa barua na hakujibiwa. Kwa wabunge wa jimbo, msitumie jina la Kinshasa kama mwavuli. Katiba, kifungu cha 204, inaweka feza za jimbo katika mamlaka ya jimbo lenyewe. Bunge la Maniema linaweza kupitisha edi ya kulazimisha jimbo kutangaza kila mwezi feza iliyoshuka kwa kila ETD. Kwa mashefu wa sekta za Bitule na Obokote hatuombi hata sheria: tunaomba karatasi moja kila mwisho wa mwezi, iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki, na orodha ya bei za makaratasi kwenye mlango. Atakayeanza wa kwanza tutamsifu hapa hapa, kwa jina la cheo chake, kama tunavyokosoa.

Wandugu walioko Kindu, Kisangani na Goma, kazi yenu si kubofya like tu. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka petisyo kwa mamlaka, peke yake ao pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kinasema pia hakuna wa kushtakiwa kwa kufanya hivyo. Petisyo iko tayari kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Anayeandika Kikumu vizuri atutafutie, tunahitaji na hiyo. Kila anayesaini aandike jina lote, sekta yake ya asili, na namba ya karte ya uchaguzi kama bado inasomeka. Kopi tatu zinapelekwa: moja kwa kila sekta, moja kwa Bunge la jimbo Kindu. Kila anayepeleka asitoke bironi bila kachet ya kupokea yenye tarehe, aipige foto, aitume siku ileile. Miezi mitatu tutaanza kuhesabu kutoka kwenye ile tarehe.